Taulo zilizokauka juu ya jabali: kisa cha kituo kimoja cha kuosha magari Mwanza

Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa ya mwenye kituo. Nimeondoa majina, mtaa na kila kitu ambacho kingemfanya jirani aseme "hawa nawajua". Mimi ni fundi wa rangi za magari, na niliitwa pale mambo yakiwa yameshaharibika.

Usuli

Kituo kipo Ilemela, kwenye mteremko, chini ya majabali. Aliyefika Mwanza anajua nasema nini: mji umejengwa katikati ya mawe ya granaiti, nyumba imeegemea jabali, na jabali hilo hilo ndilo kamba ya nguo ya mtaa mzima. Mashuka, kanga, sare za shule, vyote hutandazwa juu ya jiwe lililoshika joto, na nguo hukauka kabla hujamaliza beseni la pili.

Mwenye kituo ni mama wa makamo aliyeanza na ndoo mbili na mashine moja ya presha. Wakati wa kisa hiki alikuwa na vijana wanne wa kuosha, fundi mmoja wa polishi, na mama mtu mzima aliyefua taulo, mazulia ya magari na ovaroli. Huyo wote pale walimwita Bibi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Taulo zao zilikuwa 60, za maikrofaiba, zilizonunuliwa kwa mkupuo. Lebo ilisema poliesta asilimia 80 na poliamaidi asilimia 20, mchanganyiko wa kawaida kwa taulo nzuri za gari. Zote zilikuwa za njano. Taulo iliyofuta rimu asubuhi na ile iliyofuta boneti mchana zilikuwa mapacha, na zikishafuliwa hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Mwanzoni kazi ilikuwa kuosha tu. Baadaye mama akaongeza huduma ya polishi, na taulo zikaanza kurudi na uchafu mgeni: polishi iliyogandia, nta, mafuta, chembe za rangi iliyokatwa. Ufuaji ulibaki ule ule. Beseni moja kwa taulo zote, sabuni ya unga, brashi ya kufulia, maji ya mwisho yenye dawa ya kulainisha na kunukisha nguo, kisha juu ya jabali.

Gari jeusi lililorudi

Ilikuwa Julai, kiangazi, upepo na vumbi. Mteja alileta Harrier nyeusi ipigwe polishi. Aliondoka ameridhika. Baada ya siku kumi akarudi jioni, giza limeingia, akawaita wote mbele ya boneti na kuwasha tochi ya simu. Kuzunguka ule mwanga kulikuwa na mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imejipanga duara kama utando wa buibui.

"Mama, nimelipa niondolewe mikwaruzo. Hii nimeongezewa," alisema, bila kupaza sauti.

Mama aliomba radhi na kuahidi kurudia kazi bila malipo. Hapo alifanya vizuri. Kilichofuata ndicho kilichogharimu. Alimshuku fundi kwamba anaikandamiza mashine. Fundi, kwa upande wake, aliishuku polishi. Wakanunua polishi ya bei kubwa zaidi, gari likarudiwa, likafutwa kwa taulo kutoka kapu lile lile, na usiku mteja akapiga tena tochi: utando wa buibui upo pale pale.

Kurudia polishi si jambo dogo. Polishi inaondoa mikwaruzo kwa kukata klia, ile rangi angavu ya juu, mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo. Kwenye magari mengi ya kiwandani klia ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unene wa karatasi ya daftari. Kila kurudia kunakula sehemu ya akiba ambayo hairudi bila kupaka rangi upya. Gari la mteja lilikuwa limeshakatwa mara mbili ndani ya wiki mbili.

Dawa zilizojaribiwa kabla sijafika

Bibi alikuwa wa kwanza kuona. Wiki kadhaa kabla ya Harrier alimwambia mama kwamba taulo "hazinywi maji tena, zinayasukuma tu". Ukifuta kioo, maji yanakimbia mbele ya taulo na kuacha michirizi. Na zilikuwa zinakuwa ngumu mkononi.

Mama alijibu kama ambavyo yeyote angejibu kuhusu nguo ngumu: ongeza dawa ya kulainisha. Ikaongezwa, na taulo zikazidi kukataa maji. Zilizoonekana nyeusi kwa lami na uchafu wa breki zikatiwa jiki. Mwisho, mama akachukua taulo 20 akazipeleka kwa dobi mwenye mashine, akiamini mashine itafanya ambacho mkono umeshindwa. Dobi alizifua pamoja na mataulo ya kuogea ya pamba, akazikausha kwa mashine kwenye moto wa juu. Zilirudi zimejaa manyoya meupe ya pamba, na nyingine zimekauka kama dagaa wa soko la Mwaloni.

Ndipo akanipigia simu.

Kosa langu

Nilifika asubuhi, nikaomba kikapu cha taulo kabla ya kuomba kuona gari. Nilimwaga kijiko cha maji kwenye kioo na kugusisha taulo juu yake bila kukandamiza. Taulo nzima ya maikrofaiba inayavuta maji yale mara moja. Hizi ziliyaacha yamekaa kama shanga.

Inafaa nieleze kwa nini. Nyuzi za maikrofaiba ni nyembamba sana kuliko unywele, na kwenye taulo nzuri kila uzi umepasuliwa kiwandani kuwa vipande vyenye kingo na mianya. Mianya hiyo ndiyo inayovuta maji na kunyanyua vumbi kutoka kwenye rangi badala ya kuliburuza. Poliesta inashika mafuta vizuri, poliamaidi inapenda maji. Dawa ya kulainisha nguo kazi yake ni kuacha utando wa mafuta juu ya nyuzi ili zitelezane. Kwenye shuka ni raha, kwenye maikrofaiba ni kuziba kila mwanya. Klorini ya jiki inaidhoofisha poliamaidi. Joto kali linazilainisha na kuzikunja ncha za nyuzi, na zikipoa zinabaki vinundu vigumu.

Basi nikatangaza jawabu: tatizo ni dawa ya kulainisha. Tukaloweka taulo kumi kwenye maji ya moto kiasi na sabuni ya maji, tukazisuuza mara nne, tukatia siki kwenye maji ya mwisho. Siku iliyofuata zilikunywa maji kama mpya. Nilifurahi, nikamwambia fundi aendelee na kazi.

Jioni ile fundi alinionyesha mlango wa gari lingine jeusi. Mikwaruzo ilikuwepo, michache kuliko awali, lakini ipo. Taulo laini, inayonywa maji, na bado inakwaruza.

Nilikosea kwa sababu nilikuta ugonjwa mmoja wa kweli nikaacha kutafuta. Dawa ya kulainisha ilieleza michirizi kwenye vioo. Haikueleza utando wa buibui. Kufuta kwa taulo iliyoziba kunaacha ukungu wa polishi na kumfanya mtu akandamize zaidi, ndiyo. Lakini ili klia ikwaruzike lazima kiwepo kitu kigumu kuliko klia kati ya taulo na gari.

Boneti ya skrepa

Safari hii sikutaka kukisia. Tulipata boneti nyeusi ya skrepa kwenye gereji ya jirani, fundi akaipiga polishi mpaka ikawa kioo, tukaigawa kwa seloteepu ya karatasi vipande vinne. Cha kwanza tulikifuta kwa taulo mpya iliyofuliwa mara moja. Cha pili kwa taulo iliyofuliwa kwa siki na kukaushwa kwenye kamba ndani ya stoo. Cha tatu kwa taulo iliyofuliwa vile vile lakini ikakaushwa juu ya jabali. Cha nne kwa moja ya zile za dobi. Mkono ulikuwa mmoja, uzito uleule, mipito 20 kila kipande.

Usiku tukapiga tochi. Cha kwanza na cha pili vilikuwa safi. Cha nne kilikuwa na ukungu na mikwaruzo hafifu. Cha tatu kilitisha.

Bibi alikaa kimya akitazama kile kipande, kisha akanyanyuka, akaenda kwenye jabali, akapitisha kiganja juu yake na kurudi kutuonyesha chini ya tochi. Kiganja kilikuwa kinang'aa chembechembe. Granaiti ni mkusanyiko wa madini, na moja kati yake ni kwatsi, ngumu kuliko kioo na kuliko ubapa wa kisu. Jabali linalopigwa na jua mchana na kupoa usiku linamomonyoka punje kwa punje. Shuka ukilikung'uta, punje zinaanguka. Maikrofaiba imetengenezwa ili isiachie. Tulikuwa tunachukua kitambaa chenye kipaji cha kukamata vumbi, tunakilaza kikiwa kibichi juu ya sandpepa, kisha tunakwenda nacho kwenye gari la mtu.

Nilimwona Bibi ameumia. Alikuwa amefua vile maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwambia tofauti. Nilimwambia, "Shikamoo tena Bibi, lawama hii siyo yako," na mama mwenye kituo, kwa heshima yake, akalirudia hilo mbele ya vijana wote. Naandika hili kwa kuwa nimeona vituo ambako mfuaji angefukuzwa siku ile, na ujuzi wote wa kisa ukaondoka naye.

Kufua upya

Tulichoamua kilianzia kwenye kutenganisha, maana taulo za njano 60 zisizo na alama haziwezi kufuliwa vizuri hata na bingwa. Kila taulo ikapimwa kwa maji, kisha kwa sidii ya zamani: unasugua upande unaong'aa, unatazama kwenye mwanga. Sidii ni laini kuliko klia, hivyo taulo inayoikwaruza kidogo si lazima iharibu gari. Lakini inayopita bila kuacha alama unaweza kuiamini. Tuliukubali ukali huo makusudi.

Zilizofaulu zikaandikwa kwa wino usiofutika kwenye pembe: R kwa rangi ya gari. Zilizofeli zikashushwa: dashibodi, kisha kingo za milango, kisha rimu na injini. Taulo inashuka cheo, haipandi tena hata ifuliwe vipi. Lebo zote zikakatwa, kwa sababu lebo nayo ni ngumu.

Kila kundi likapata ndoo yake yenye mfuniko, na rimu hazifuliwi tena beseni moja na rangi. Unga wa breki una vipande vya chuma; ukishaingia kwenye taulo, sidhani kama unatoka wote.

Ufuaji wenyewe Bibi alishiriki kuupanga. Taulo ya polishi inaingia kwenye maji siku hiyo hiyo, kabla polishi haijakauka, kwani ikikauka inakuwa kama plasta ndani ya nyuzi. Inasuuzwa kwanza kwa maji matupu mpaka uchafu mkubwa utoke. Halafu inalowekwa nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia bila kujitoa, yenye sabuni ya maji isiyo na jiki wala dawa ya kulainisha. Tuliiacha sabuni ya unga kwa sababu punje ambazo hazijayeyuka hubaki ndani ya nyuzi, na ya mche kwa sababu ya utando wake wa mafuta. Brashi ilipigwa marufuku. Taulo inaminywa na kusuguliwa yenyewe kwa yenyewe.

Kwenye kipimo cha sabuni ndipo tulipobishana zaidi. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na maji ya ziwa hili ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo sabuni kidogo inatoa povu jingi. Vijana walikuwa wanapima usafi kwa povu. Tukashuka mpaka vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ya lita 20, na taulo zikatoka safi zaidi, kwa sababu sasa sabuni ilikuwa inaisha kwenye kusuuza. Zinasuuzwa mpaka maji yawe meupe bila povu, na maji ya mwisho yanatiwa kikombe cha siki kuondoa mabaki ya sabuni. Atakayefua kwa maji ya kisima yenye chumvi ataihitaji siki zaidi, na sabuni zaidi pia.

Kukausha: kamba, ndani ya stoo yenye wavu madirishani. Tulianza kibarazani, tukajuta usiku wa kwanza. Wadudu wa ziwani walikuja kwa mawingu kuifuata taa, na asubuhi taulo zilikuwa nyeusi kwa mizoga yao. Kivuli pia kinasaidia, jua la mfululizo linaichosha poliamaidi. Kupiga pasi, hapana.

Pendekezo la ziwani

Kijana mmoja alishauri tufulie ziwani: maji hayaishi, bili hakuna, na watu wengi wanafua huko. Mama alivutiwa, na bei ya maji inamfanya mtu avutiwe. Nilipinga, na ningepinga tena leo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi yake, na kufulia biashara ya polishi pale ni kutafuta kesi. Bibi naye angesimama majini kila siku, na kichocho katika fukwe za Ziwa Victoria si hadithi. Mchanga wa ufukweni ungerudisha tatizo lile lile. Halafu kuna maji yenyewe, yale yale tunayoyanywa. Taulo za maikrofaiba ni plastiki, na kila zinapofuliwa zinaacha vinyuzi visivyooza. Sisi wenyewe tulifunga kitambaa cha shashi mdomoni mwa bomba la maji machafu, na kila wiki Bibi anabandua utando wa njano wenye unene wa kidole. Vile vidogo zaidi vinapita, najua. Lakini ule wa shashi hauingii ziwani.

Matokeo

Kati ya taulo 60, zilizostahili kugusa rangi zilibaki 17. Zile 20 za dobi hazikurudi hata moja; manyoya ya pamba yalitoka, ugumu haukutoka. Mama alinunua 24 mpya, safari hii za rangi tatu, na akazifua kabla ya kuzitumia.

Harrier ilirudiwa mara ya tatu kwa mkono, kwa polishi laini kuliko zote, ili kuikata klia kidogo iwezekanavyo. Ilitoka vizuri, ila kwenye ukingo wa boneti, mahali klia huwa nyembamba, fundi hakugusa. Alama chache zilibaki pale na mteja aliambiwa ukweli kwa nini.

Tangu mwezi ule hakuna gari lililorudi kwa malalamiko ya aina hii. Kilichobaki kigumu ni masika: stooni taulo zinachukua hadi siku mbili kukauka, na zikikaa mbichi zinavunda. Mama ameongeza taulo ili mzunguko utoshe, na ameweka feni. Harufu bado inarudi mvua ikikazana.

Uchambuzi

Taulo hizi zilikuwa na magonjwa matatu yenye sura moja. Zote tuliziita "ngumu", na neno hilo moja lilitupoteza. Iliyozibwa na mafuta inapona kwa sabuni na subira. Iliyoungua haiponi. Iliyoshika punje inaweza kuwa laini kabisa mkononi na bado ndiyo hatari kuliko zote. Mkono pekee hautofautishi. Kijiko cha maji, sidii na boneti ya skrepa vilitofautisha kwa gharama ndogo sana.

Tiba zilizotangulia zilishindwa kwa namna moja: kila moja ilifaa nguo za kuvaa, na kila iliposhindwa iliongezwa dozi. Dawa ya kulainisha zaidi, povu zaidi, moto zaidi. Sioni uzembe hapo. Kila mtu alifuata alichokijua kwa uaminifu, na hakuna aliyepewa nafasi ya kusimamisha kazi na kuuliza. Bibi alilisema tatizo wiki kadhaa kabla, kwa lugha iliyo sahihi kuliko yangu ya siku ya kwanza, na angesikilizwa hapo Harrier isingekatwa mara tatu.

Je, mikwaruzo yote ilitokana na taulo? Siwezi kuapa. Mteja mwenyewe alikiri kwamba asubuhi hupangusa vumbi kavu kwa kitambaa kabla ya kwenda kazini, na hilo peke yake linachora klia. Lakini mikwaruzo ya usiku ule ule wa kazi ya pili haikuwa ya kitambaa chake. Kipande cha tatu cha boneti kinanitosha.

Mteja alirudi Novemba, kuoshwa tu. Alikuwa na taulo yake mpya ndani ya mfuko, akaomba watumie hiyo. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaichukua sidii ukutani, akasugua, akainyanyua kwenye mwanga na kumwonyesha. Mteja aliinama akatazama mistari ile kwa muda, akarudisha taulo yake kwenye buti, akachukua kiti.